SOMO LA WIKI: Kuandaa slaidi za soko la hisa kwa picha zinazochorwa na kompyuta

Na Mwandishi Wetu

WIKI hii, ndugu msomaji, tunaweka kando kidogo orodha ya bei ili tuzungumzie jambo ambalo wasomaji wengi wa Temeke na Kinondoni wamekuwa wakiliulizia. Nalo ni namna ya kuandaa slaidi za kuonyesha mwenendo wa soko mbele ya wanakikundi, mbele ya ofisa mikopo wa benki, au mbele ya ndugu mnaotaka kuchanga nao mtaji. Siku hizi kompyuta inachora grafu na picha yenyewe kwa dakika chache. Kazi imekuwa rahisi, na makosa nayo yamekuwa rahisi vilevile.

Tuanze na kisa kilichotokea kweli. Jumamosi moja, kikundi kimoja cha akiba na uwekezaji cha Mbagala chenye wanachama 24 kilikutana ili kuamua iwapo kitoe shilingi milioni 9 na kununua hisa za kampuni moja iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa Dar es Salaam. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, projekta ya kukodi ikawashwa, na slaidi zikaanza kupita. Slaidi ya nne ilikuwa grafu ya bei za miezi mitatu. Mstari ulianzia chini kabisa kushoto, ukapanda hadi juu kabisa kulia. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akataka wanaokubali wanyooshe mikono.

Kabla mikono haijahesabiwa, mama mmoja anayeuza nafaka Tandika alisimama. "Mwanangu," alimwambia mtoa mada, "hebu nirudishie ile picha. Bei ya kwanza ilikuwa ngapi, na ya mwisho ni ngapi?"

Mtoa mada akajibu: "Mama, ya kwanza ilikuwa 412, ya mwisho 428."

"Yaani imeongezeka shilingi 16. Sasa mbona huo mstari umepanda kama mnazi?"

Ukumbi ulinyamaza. Kura iliahirishwa. Mtoa mada huyo, ndugu msomaji, alikuwa mwandishi wa makala haya. Grafu sikuichora mimi, iliichora kompyuta. Lakini aliyesimama mbele ya watu na kuinyooshea kidole nilikuwa mimi, na fedha iliyokuwa hatarini ilikuwa ya watu 24. Somo la leo limetokana na swali la yule mama.

KOMPYUTA ILIFANYA NINI?

Programu nyingi za majedwali, ukiziachia zichore zenyewe, hutafuta bei ya chini na bei ya juu kabisa, kisha hujaza nafasi yote ya picha kwa tofauti hiyo tu. Katika grafu yetu, kipimo cha upande wa kushoto kilianzia 410 na kuishia 430. Kwa hiyo bei ya 412 ilikuwa hatua 2 tu kutoka chini, na bei ya 428 ilikuwa hatua 18. Jicho liliona kitu kilichokua mara 9. Ukweli ni kwamba bei ilipanda kwa asilimia 3.9 tu.

Sasa tuingize gharama. Tuseme, kwa mfano, ada zote za kununua ni asilimia 2, na za kuuza ni asilimia 2. (Viwango halisi muulize dalali wako wa hisa, naye akupe kwa maandishi.) Aliyenunua kwa 412 ametoa shilingi 420.24 kwa kila hisa. Akiuza kwa 428 anapokea shilingi 419.44. Amepoteza senti 80 kwa kila hisa. Kwa shilingi milioni 9 angepata hisa 21,416, na hasara yake ingekuwa shilingi 17,000 na ushee.

Kwa maneno mengine, mstari uliopanda kama mnazi ulikuwa ukieleza biashara ya hasara kwa mtu anayenunua na kuuza ndani ya miezi hiyo mitatu. Slaidi haikuwa na tarakimu hata moja ya uongo, ila picha yake ndiyo iliyowapotosha watu.

TULIKOTOKA

Kuonyesha bei kwa mchoro si jambo la jana. Mwaka 1786, William Playfair, mtu wa Scotland, alichapa mjini London kitabu cha michoro ya biashara ya nje ya Uingereza. Humo ndimo zilimotokea grafu za mistari na za mihimili za namna tunayoitumia hadi leo. Mwaka 1801 akaongeza chati duara. Alichora kwa mkono, kipimo kwa kipimo.

Programu ya PowerPoint, ambayo wengi wetu tunaijua, ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni iliyoitengeneza. Hapa kwetu, Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilipitishwa mwaka 1994, na Soko la Hisa Dar es Salaam lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja, TOL. Baadaye mwaka huohuo wakaja Kampuni ya Bia Tanzania (TBL). Ukiwa na kampuni mbili, huhitaji grafu, daftari linatosha. Baada ya NMB kuingia sokoni mwaka 2008, CRDB mwaka 2009 na Vodacom Tanzania mwaka 2017, pamoja na nyingine nyingi, daftari limezidiwa. Ndiyo maana tunaiachia kompyuta ichore.

AINA MBILI ZA PICHA

Hapa pana jambo la kulishika vizuri, maana makosa mengi huanzia hapa. Picha zinazotengenezwa na kompyuta kwa ajili ya slaidi ni za aina mbili, na hazifanani kabisa.

Aina ya kwanza ni grafu inayochorwa kutoka katika jedwali. Unaipa kompyuta tarehe na bei, nayo inaweka nukta kwa kila bei na kuziunganisha. Ukiipa tarakimu zilezile mara mia, itachora picha ileile mara mia. Ukikuta kosa, unaweza kulifuatilia hadi kwenye mstari wa jedwali ulikotoka.

Aina ya pili ni picha inayotengenezwa na akili mnemba kutokana na maneno. Programu za namna hii zilianza kujulikana kwa watu wengi mwaka 2021 na 2022, zilipotoka DALL-E, Midjourney na Stable Diffusion. Zimefundishwa kwa mamilioni ya picha zenye maelezo. Nyingi kati yake huanza na chengachenga zisizo na maana, kisha huzisafisha hatua kwa hatua hadi zifanane na kitu ulichoeleza. Haziangalii jedwali lolote. Ukiziambia, "Nichoree grafu ya bei za hisa za mwaka huu," zitakupa mchoro unaofanana na grafu, wenye mstari mzuri na tarakimu pembeni. Mstari huo haukutoka sokoni. Ukiomba tena, utapewa mwingine.

Kanuni basi ni hii: kila kinachobeba tarakimu kichorwe kutoka katika jedwali. Akili mnemba ipewe kazi ya mapambo na mifano tu. Programu nyingine za siku hizi za mazungumzo zinaweza kupokea jedwali lako na kukuchorea grafu ya aina ya kwanza. Hilo ni sawa, ili mradi uhakikishe kwamba imesoma jedwali lako kweli, wala haikubuni.

HATUA YA KWANZA: JEDWALI

Grafu nzuri huanza na jedwali safi. Andika safu tano: tarehe, jina la kampuni, bei ya kufungia soko, idadi ya hisa zilizouzwa, na thamani ya mauzo. Tarakimu zichukuliwe katika taarifa ya kila siku ya Soko la Hisa au kwa dalali wako. Usizichukue katika picha iliyosambazwa kwenye simu bila kujulikana ilikotoka. Kisha angalia mambo manne.

Kwanza, tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itasoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi, wakati wewe ulimaanisha tarehe 3 Aprili. Bei zitaruka kutoka mwezi mmoja hadi mwingine na mstari utakuwa kama msumeno. Panga mtindo wa tarehe kabla ya kuandika chochote.

Pili, siku za mapumziko. Soko likifungwa kwa sikukuu, acha nafasi wazi, usiandike sifuri. Chukua mfano: Jumatatu 500, Jumanne 505, Jumatano sikukuu, Alhamisi 505, Ijumaa 510. Wastani wa siku nne za biashara ni 505. Ukiandika sifuri siku ya Jumatano, kompyuta itakupa wastani wa 404, na katika grafu kutakuwa na shimo refu litakalowatisha watu bure.

Tatu, siku ambazo soko lilikuwa wazi lakini hisa hiyo haikuuzwa. Katika soko letu zipo kampuni zinazoweza kukaa siku kadhaa bila hisa hata moja kubadili mikono. Bei inayoandikwa ni ya mauzo ya nyuma. Ndiyo maana safu ya idadi ya hisa ni ya lazima. Bei ikipanda kutoka 500 hadi 550 kwa mauzo ya hisa 100, ni biashara ya shilingi 55,000 tu. Ikipanda hivyohivyo kwa hisa 200,000, ni biashara ya shilingi milioni 110. Mstari wa bei ni uleule, lakini uzito wa habari si mmoja. Na wewe mwenye hisa 20,000 za kuuza utajua tofauti yake siku utakapokosa mnunuzi.

Nne, mgawanyo wa hisa. Kampuni ikigawa hisa moja kuwa tano, bei ya 2,000 itakuwa 400 asubuhi inayofuata. Grafu isiyorekebishwa itaonyesha anguko la asilimia 80. Aliyekuwa na hisa 100 za thamani ya shilingi 200,000 sasa ana hisa 500 za thamani ileile ya shilingi 200,000, hajapoteza kitu. Dawa yake ni kugawa bei zote za nyuma kwa 5 kabla ya kuchora, na kuandika chini ya grafu kwamba umefanya hivyo.

HATUA YA PILI: ANDIKA MASWALI KABLA YA SLAIDI

Usifungue programu ya slaidi kabla hujaandika kwenye karatasi maswali ambayo wasikilizaji wako wanataka kujibiwa. Kila slaidi ijibu swali moja. Kwa kikundi cha uwekezaji, slaidi saba zinatosha:

1. Tunaamua nini leo, na ni fedha kiasi gani?
2. Bei ilikuwaje kwa miaka mitano, siyo miezi mitatu tu?
3. Hisa ngapi huuzwa kwa siku. Tukitaka kuuza, wanunuzi wapo?
4. Gawio lilikuwa kiasi gani kila mwaka?
5. Ukilinganisha na hisa nyingine au hati fungani, ikoje?
6. Gharama ni kiasi gani, na nini kinaweza kwenda mrama?
7. Tunachagua lipi kati ya haya mawili au matatu?

Kichwa cha kila slaidi kiwe jibu lenyewe. Badala ya kuandika "Mwenendo wa Bei", andika "Bei imepanda asilimia 3.9 kwa miezi mitatu". Ukishaandika hivyo, grafu yenye mnazi itajiumbua yenyewe.

HATUA YA TATU: GRAFU

Katika programu ya jedwali, iwe Excel au LibreOffice ambayo hailipiwi, chagua safu ya tarehe na safu ya bei, kisha iamuru ichore grafu ya mstari. Itakapomaliza, kazi yako ndiyo inaanza. Fuata kanuni hizi.

Grafu ya mihimili ianzie sifuri daima, kwa sababu jicho hupima urefu wa mhimili wote. Grafu ya mstari inaweza kuanzia juu ya sifuri, lakini andika tarakimu ya mwanzo na ya mwisho kwenye mstari wenyewe, pamoja na asilimia ya mabadiliko.

Usilinganishe kampuni mbili kwa shilingi. Zilinganishe kwa msingi wa 100. Tuseme Hisa A imetoka 600 ikafika 660, na Hisa B imetoka 5,000 ikafika 5,250. Ukizichora kwa shilingi, B inaonekana imepanda sana, shilingi 250, na A shilingi 60 tu. Sasa gawa kila bei kwa bei yake ya kwanza, uzidishe kwa 100. A itasomeka 110 na B itasomeka 105. Mwenye shilingi 100,000 katika A amepata 10,000. Katika B amepata 5,000. Grafu ya kwanza ingempeleka kusiko.

Tarehe ya kuanzia isichaguliwe kwa hila. Kila grafu ya hisa inaweza kupendeza ukiianzisha siku bei ilipokuwa chini. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza kwa umma asilimia 25 ya hisa zake kwa shilingi 850 kila moja. Aliyenunua siku ile mwanzo wake ni 850, na grafu inayoanzia mwaka mwingine haimhusu. Hali kadhalika aliyenunua NMB kwa shilingi 600 mwaka 2008, au CRDB kwa shilingi 150 mwaka 2009. Kwa hiyo weka grafu mbili: moja tangu hisa zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza, nyingine ya kipindi cha karibuni.

Wanaoandaa slaidi kila wiki wanaweza kwenda mbali zaidi. Grafu iliyo ndani ya slaidi inaweza kuunganishwa na jedwali, ili ukiandika bei za Ijumaa, picha ijibadili yenyewe. Mwenye kijana nyumbani anayejua lugha ya kompyuta iitwayo Python anaweza kumwomba aandike maagizo mafupi yatakayosoma jedwali, kuchora grafu kumi kwa mkupuo na kuzipanga kwenye slaidi. Maktaba ya Matplotlib, iliyoanzishwa na John Hunter mwaka 2003, hutumika sana kwa kazi hiyo, nayo ni ya bure.

Tahadhari moja hapa. Mtambo ukiharibika hautapiga kelele. Jedwali lisipofunguka, unaweza kubaki na picha za wiki iliyopita na usijue. Kwa hiyo amuru kila grafu iandike yenyewe, pembeni chini, tarehe ya bei ya mwisho iliyotumika. Kisha, kabla ya kutoka nyumbani, chukua bei tatu kwenye grafu kwa kubahatisha na uzilinganishe na taarifa ya Soko. Dakika tano hizo ni rahisi kuliko aibu ya ukumbini.

HATUA YA NNE: PICHA ZA AKILI MNEMBA

Picha hizi zina faida yake. Slaidi ya kwanza yenye picha ya duka huwapumzisha watu kabla ya tarakimu. Pia zinasaidia kueleza jambo lisiloonekana, kwa mfano hisa kufananishwa na vipande vya mkate mmoja.

Toa maagizo kamili. Ukisema tu "soko la Afrika", utaletewa mahali pasipojulikana, pengine na nguo zisizovaliwa huku. Jaribu hivi: "Duka la jumla la nafaka Temeke, Dar es Salaam, asubuhi, magunia ya mchele na maharage, mizani mbele, mwenye duka anaonekana kwa mgongo, bila maandishi, bila nembo ya kampuni, bila noti." Kisha ikague picha kwa utulivu: vidole vya mikono, magurudumu ya bajaji, maandishi kwenye vibao. Programu hizi zimekuwa zikikosea sana herufi, hasa za Kiswahili. Kwa hiyo maneno yote yaandike mwenyewe juu ya slaidi. Ramani usiziombe kabisa. Unaweza kuletewa Kigamboni upande usio wake wa bahari. Noti za fedha nazo ziache. Kuiga fedha ni jambo ambalo sheria haina mzaha nalo.

Mpaka usiouvuka ni huu: picha iliyobuniwa isitumike kama ushahidi. Unapoonyesha ghala la Mbagala, kiwanja cha Chamazi au mashine ya kukamua alizeti, msikilizaji anaamini kwamba kitu hicho kipo. Ukiwa huna picha halisi, sema huna. Kila picha iliyobuniwa iandikwe chini yake, kwa herufi zinazosomeka: "Picha hii imetengenezwa na kompyuta."

Hili si suala la adabu tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza kwa makusudi taarifa za uongo kwa njia ya kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za mtu, picha yake ikiwa mojawapo. Usimweke mteja wako kwenye slaidi bila idhini yake. Aidha, kushauri watu juu ya hisa kama biashara kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na kuuza hisa kwa umma kunahitaji waraka uliopitishwa na Mamlaka hiyo. Slaidi nzuri si leseni.

Tusisahau kwamba maelfu ya Watanzania "walipanda mbegu" zao DECI hadi serikali ilipoifunga mwaka 2009. Wakati ule watu walishawishika kwa maneno tu. Leo mlaghai ana uwezo wa kutengeneza picha ya kiwanda, ya mkurugenzi na ya grafu inayopanda, yote kwa usiku mmoja. Ukijua picha hizi zinavyotengenezwa, utajua pia namna ya kuzishuku. Ukionyeshwa grafu, omba jedwali lake. Ukionyeshwa kiwanda, omba kupelekwa.

HATUA YA TANO: SIKU YA UKUMBI

Kumbi zetu nyingi zina madirisha makubwa na mwanga mwingi. Tumia mandhari meupe na herufi nyeusi kubwa. Mtu wa kiti cha nyuma asome bila kukunja uso. Usitegemee rangi nyekundu na kijani pekee, kwa sababu wapo watu wasioweza kuzitofautisha, na nakala za steshenari hutoka nyeusi na nyeupe. Mstari mmoja uwe mzito, mwingine wa vipandevipande, na jina la kampuni liandikwe palepale kwenye mstari.

Hifadhi slaidi kwa namna ya PDF pia, maana kompyuta ya kuazima inaweza kukosa aina ya herufi zako na kuvuruga kila kitu. Chapa nakala chache za slaidi zenye tarakimu. Umeme ukikatika, mkutano utaendelea kwa karatasi. Na jedwali lenyewe lichapwe, liwekwe mezani, kila mwanachama awe na haki ya kulishika na kulisoma.

KIKUNDI KILIAMUA NINI?

Wiki tatu baadaye kikundi cha Mbagala kilikutana tena. Slaidi zilikuwa saba. Grafu ya mihimili ya gawio ilianzia sifuri, na ile ya bei ilikuwa ya miaka mitano, ikiwa na tarakimu za mwanzo na mwisho. Haikupanda kama mnazi; ilikuwa na mabonde mawili na kilima kimoja. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliuliza maswali kwa karibu saa nzima, mengi kuhusu gawio na muda wa kusubiri.

Waliamua kununua hisa kwa shilingi milioni 4, kwa masharti ya kutoziuza kabla ya miaka mitatu, na kubakiza milioni 5 hadi wasikie habari za hati fungani. Kama uamuzi huo ni mzuri au la, muda utasema. Tunachoweza kusema leo ni kwamba safari hii waliamua wakijua. Yule mama wa Tandika alichukua nakala ya jedwali, akaikunja na kuitia kwenye mkoba.

ZOEZI

Hisa C ilifunga hivi: Jumatatu 240, Jumanne 242, Jumatano sikukuu, Alhamisi 241, Ijumaa 246. (a) Imepanda kwa asilimia ngapi? (b) Kompyuta ikichora mihimili kuanzia 238, mhimili wa Ijumaa utakuwa mara ngapi ya ule wa Jumatatu? (c) Kwa ada ya mfano ya asilimia 2 kununua na asilimia 2 kuuza, aliyenunua Jumatatu na kuuza Ijumaa amepata au amepoteza?

Majibu: (a) Asilimia 2.5. (b) Mara 4, kwani wa Jumatatu una hatua 2 na wa Ijumaa hatua 8. (c) Ametoa shilingi 244.80, amepokea 241.08, amepoteza shilingi 3.72 kwa kila hisa.

Ukipata majibu hayo bila kuchungulia, unaweza kusimama mbele ya kikundi chako. Wiki ijayo tutaangalia namna ya kusoma taarifa ya mwaka ya kampuni kabla ya kuangalia bei yake. Tunawatakia biashara njema.